Pumzi Hurudi Kabla ya Kano: Mkimbiaji wa Zaidi ya Miaka 50 Anaporejea Barabarani

Mkimbiaji aliyevuka miaka 50 akikaa pembeni miezi mitatu kwa maumivu ya nyuma ya kisigino, wasiwasi wake mkubwa huwa ni pumzi. Anaona haya kwamba siku atakayorudi, wenzake wa klabu watamwacha kwenye kilima cha kwanza. Kumbe pumzi ndiyo inayorudi mapema kuliko vyote, na kurudi kwake mapema ndiko kunakomponza.

Mtu akiacha mazoezi, sehemu ya majimaji ya damu hupungua, na moyo husukuma damu kidogo kwa kila pigo. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake, nchini Marekani, walichapisha vipimo vya wanariadha waliokuwa imara kisha wakasimama. Katika wiki tatu za mwanzo uwezo wao wa kutumia oksijeni ulishuka kwa takriban asilimia 7. Baada ya wiki 12 ulikuwa umeshuka kama asilimia 16. Lakini majimaji yale ya damu huanza kurejea ndani ya siku chache tu za mazoezi mapya. Ndiyo maana baada ya wiki mbili tatu mtu anajiona mwepesi, anaongeza kasi, anajiandikisha mbio. Kano haina habari na furaha hiyo.

Kano ya kisigino ni ile kamba nene unayoweza kuibana kwa vidole viwili nyuma ya mguu. Inaunganisha misuli ya kigimbi na mfupa wa kisigino, na kila unapokanyaga ukikimbia hubeba mzigo unaozidi uzito wako mara kadhaa. Damu haiifikii kwa wingi, hasa sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, na ukipapasa hapo ndipo mara nyingi utakuta uvimbe na maumivu.

Kuna utafiti mmoja unaoonyesha vizuri jinsi kano hii ilivyo ngumu kubadilika. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1955 hadi 1963 yalimwaga hewani kaboni ya aina ya 14. Ikaingia kwenye mimea, kwenye mifugo, na kwenye miili ya watu, ikaacha alama ya wakati ambapo kila sehemu ya mwili ilijengwa. Mwaka 2013 Katja Heinemeier na wenzake wa Denmark walitumia alama hiyo kupima kano za kisigino. Waligundua kwamba kiini cha kano hujengwa katika miaka 17 ya mwanzo ya maisha, kisha hakibadilishwi tena kwa kiasi cha kuonekana. Msuli hujijenga upya maisha yote. Mzee wa miaka 60 anakimbia kwa kano alizomaliza kuzijenga akiwa shule.

Hiyo haina maana kwamba kano iliyoumia haitengemai. Maana yake ni kwamba kupumzika peke yake hakuitibu. Wengi wetu hukanda kwa maji ya moto, huchua kwa dawa, husubiri maumivu yaishe, halafu hurudi kwenye kilomita zilezile za zamani. Wakati huo kigimbi kimesinyaa, maana misuli ya mtu mzima hupungua haraka isipotumika, na mzigo wote unaangukia kano.

Aliyebadilisha fikra hizo ni Håkan Alfredson, daktari wa upasuaji wa Sweden, ambaye naye alikuwa mkimbiaji mwenye kano mbovu. Inasimuliwa kwamba mkuu wake alikataa kumfanyia upasuaji, naye akaamua kuitesa kano hiyo kwa uzito mpaka iharibike kabisa, apate kupasuliwa. Badala ya kuharibika, ikapona. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliopewa zoezi hilo kwa wiki 12, na wote walirudi kukimbia.

Zoezi lenyewe halihitaji ukumbi wa mazoezi. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, shika ukuta. Panda juu ya vidole kwa miguu yote miwili, kisha hamishia uzito kwenye mguu unaouma na ushushe kisigino polepole mpaka kipite chini ya ukingo. Rudia mara 15, mizunguko mitatu, goti likiwa limenyooka; kisha mizunguko mitatu mingine goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku. Ukilizoea, vaa begi la mgongoni na uongeze vitabu ndani. Ikiwa maumivu yako yapo chini kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa, fanyia sakafuni, kisigino kisishuke chini ya usawa wa vidole.

Litauma, na kidogo hakuna shida. Wataalamu wa Sweden, katika utafiti uliotoka mwaka 2007, waliwaruhusu wagonjwa waendelee hata kukimbia mradi maumivu yasizidi 5 kati ya 10 na yawe yametulia kesho yake asubuhi. Kipimo kizuri ni hatua za kwanza ukitoka kitandani. Ukichechemea kuliko jana, ulizidisha.

Kukimbia kwenyewe kuanze baada ya kutembea kwa kasi nusu saa bila tabu: dakika moja kukimbia, mbili kutembea, kwenye ardhi tambarare, bila vilima na bila mbio za kasi. Usikimbie siku mbili mfululizo. Baada ya zoezi zito, kwa siku moja hadi siku moja na nusu kano huvunja nyuzi nyingi kuliko inavyojenga, na kujenga kunaendelea mpaka kama siku ya tatu. Anayetaka jasho katikati ya hapo apande baiskeli au aogelee.

Jambo moja halisemwi vya kutosha kwenye maduka yetu ya dawa. Antibayotiki za kundi la siprofloksasini, ambayo watu humeza kiholela kwa kudhani wana UTI, huongeza hatari ya kano kukatika, hasa kwa waliovuka miaka 60 na wanaotumia steroidi. Marekani iliagiza onyo zito kwenye vifungashio vyake mwaka 2008. Diklofenaki nayo hunyamazisha maumivu ambayo ndiyo kipimo chako, na huumiza figo na moyo wa mwenye shinikizo la damu.

Ukisikia mlio nyuma ya mguu kama umepigwa teke, lala kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, mtu akubinye kigimbi. Unyayo usipocheza, kano huenda imekatika. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kifua kikikubana ukiwa unakimbia, usingoje hata jioni: nenda hospitali papo hapo.

Kilimanjaro Marathon kule Moshi ina kilomita 42, 21 na 5. Mwaka wa kurudi, jiandikishe 5.