Afande, Buhigwe Wanakusubiri!

Na Mwandishi Wetu

HEBU tuseme leo asubuhi umeamka, umekaa na chai yako na muhogo wa kuchemsha, mara redio inataja jina lako. Umeteuliwa! Kuanzia saa hiyo wewe ndiye mkuu wa chuo cha serikali kinachofundisha askari wa zimamoto na uokoaji. Washikaji wa kijiweni wanagonga mlango, shangazi anapiga simu kuulizia nafasi ya mwanawe, na mtaani wameshaanza kukuita Afande.

Poa sana. Lakini kabla hujampelekea fundi gwanda jipya alipunguze kiunoni, jibu swali moja tu. Bodaboda akigongwa na lori kwenye mteremko wa kwenda Manyovu, saa moja jioni, giza linaingia, nani atamfikia kwanza?

Usikimbilie kujibu. Wengi hapo ndipo tunapopigwa chenga.

Buhigwe yenyewe

Kwa wale ambao jiografia waliiacha darasa la saba, Buhigwe ni wilaya ya mkoa wa Kigoma iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Ni nchi ya milima, migomba na kahawa, na upande wa Manyovu unapakana na Burundi. Watu wa huko dharura wanaijua vizuri. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya kwao, wengi waliingilia mpaka huo kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Siku hizi ajenda ya vijiweni huko ni lami. Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita kama 260, imo kwenye mradi mkubwa wa lami unaopitia Kakonko, Kibondo na Kasulu hadi Buhigwe, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lami ni raha jamani, nani anataka kula vumbi? Ila kila mahali ilikopita, lami imekuja na rafiki yake mwendo kasi. Na njia ya kwenda mpakani haipitishi baiskeli peke yake. Malori yapo, na magari ya mafuta yapo.

Ndiyo maana swali letu haliishi utamu.

Chuo kiko wapi?

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina chuo chake Chogo, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Kutoka Manyovu hadi huko ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Jina la Chogo wengine tulianza kulisikia kwa habari ya makazi ya wakimbizi wa Kisomali wenye asili ya Kizigua, waliohamishiwa huko mwaka 2003 na wengi wao baadaye wakapewa uraia wa Tanzania.

Zamani kuzima moto ilikuwa kazi ya halmashauri za miji, kila mji na gari lake kama lipo. Sheria Namba 14 ya mwaka 2007 ndiyo iliyounda jeshi moja la nchi nzima, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Jeshi moja maana yake ni kwamba kuruta wa Chogo anaweza kupangiwa Mtwara, Musoma au Kigoma, na kote huko inabidi awe wa moto, wa maji, wa kamba na ngazi, wa kukata bati la gari lililobonyea, na wa huduma ya kwanza.

Kwa hiyo Afande, karibu ofisini. Kichwa kitakuuma mara tatu.

Kichwa cha kwanza: nani umchukue?

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Ndani walikuwemo watu 43. Waliokufa ni 19, waliopona 24.

Na waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alipata jina nchi nzima. Mwenyewe alisimulia jinsi alivyojaribu kuwafikia marubani mpaka akaumia, akazimia, akazindukia hospitali. Kesho yake pale uwanja wa Kaitaba, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza agizo la Rais Samia Suluhu Hassan kwamba kijana huyo aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Akaenda Chogo.

Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga. Lakini iangalie vizuri hiyo habari. Kijana aliokoa kwanza, chuo kikaja baadaye. Ujasiri alitoka nao nyumbani. Alichokosa ni mtu wa kumfundisha mapema namna ya kuingia na kutoka salama. Je, wenzake waliobaki kwenye mitumbwi nani atawafundisha? Wa Ziwa Tanganyika je? Na bodaboda wa Buhigwe?

Kichwa cha pili: vifaa

Hapa pana hadithi inayoifika Kigoma moja kwa moja. Thobias Andengenye alikuwa Kamishna Jenerali wa jeshi hili. Januari 2020 Rais John Magufuli alimwondoa kwenye kiti hicho kutokana na makubaliano ya vifaa ya zaidi ya shilingi trilioni moja na kampuni ya nje, ambayo Rais alisema hayakufuata utaratibu. Mwaka huo huo akateuliwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma. Kwa hiyo Buhigwe iliwahi kuwa chini ya mtu aliyeyajua machungu ya zimamoto kutoka kiti cha juu kabisa.

Tunachojifunza ni kwamba vifaa ni fedha nzito, na fedha nzito ina mlolongo wake. Magari yanatakiwa, hilo halina ubishi. Ila wewe mkuu wa chuo hununui magari. Bidhaa yako ni watu. Na hata siku gari jipya likiegeshwa Kasulu mjini, likiwashwa king'ora na kukimbizwa mpaka Manyovu, aliyekatika mshipa wa damu hawezi kulisubiri. Dakika chache tu zinatosha kummaliza.

Kichwa cha tatu: wasio na sare

Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakimbilia na madumu kuchota petroli. Likalipuka. Waliokufa walizidi 100.

Gari la zimamoto hata liwe jipya namna gani, lisingewaokoa waliokuwa wameinama na madumu. Angewaokoa mtu mmoja wa pale pale, anayeaminika mtaani, wa kupiga kelele: “Rudini nyuma! Hii kitu inalipuka!” Na watu wamsikilize.

Hapo ndipo kazi ya mkuu wa chuo inapopimwa. Gwaride la kuhitimu lina raha yake, bendi inapiga, mgeni rasmi anapiga saluti, kuruta wanashuka kwa kamba ghorofani na mama zao wanalia kwa furaha. Lakini hesabu ya kweli inaanza keshoye. Askari mmoja aliyetoka Chogo akapangiwa Kigoma, ndani ya mwaka amewafundisha bodaboda wangapi? Walimu wangapi? Kama hajafundisha hata mmoja, ujuzi umefungiwa kambini pamoja na buti.

Wala usiseme raia wa kawaida hawapangiki. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, unawatumia madereva wa mtaani kumkimbiza mama mjamzito au mtoto mchanga hospitali pale gari la wagonjwa linapokosekana. Unapiga 115 bure, dereva anakuja, na nauli analipwa na mfumo. Dereva yule wa taksi, bila kofia ya chuma wala king'ora, amekuwa mwokoaji. Kinachotakiwa ni kumwandaa.

Wakati unasubiri uteuzi

Haya, redio bado haijataja jina lako. Wewe ni mtu wa kawaida, ajali imetokea mbele yako. Fanya hivi:

Piga 114, namba ya zimamoto na uokoaji. Taja mahali kwa alama watu wanazojua: kanisa, shule, daraja, kilabu cha pombe.

Weka matawi ya mti barabarani pande zote mbili, mbali kidogo, ili gari la pili lisiwamalize mliokuja kusaidia.

Majeruhi usimvute kama gunia la mkaa. Shingo ikivunjika, wewe ndiye utakayemlemaza. Mtoe haraka pale tu penye moto au hatari nyingine ya wazi.

Damu ikibubujika, chukua kanga au shati safi, kandamiza kwa nguvu na usiachie kuchungulia kila sekunde.

Aliyeungua mmwagie maji safi ya baridi, siyo ya barafu, dakika 20. Dawa ya meno, yai na mawese viache jikoni.

Lori la mafuta likianguka, kimbia na uwakimbize wenzako. Petroli ya bure ina bei kubwa kuliko zote.

Sasa rudi kwenye kiti chako, Afande. Kule Manyovu bodaboda wetu bado yuko chini, saa moja jioni. Wa kwanza kumfikia ni bodaboda mwenzake, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye fulana ya Simba au Yanga na simu yenye chaji kidogo. Huyo atafika, chuo kiwepo kisiwepo.

Akishapiga magoti pale kwenye lami, atajua aweke wapi mkono wake? Jibu lake linatoka ofisini kwako.

Kazi kwako!