Kosa Linapopotea Ndani ya Mnyororo

Promisi katika JavaScript hushika nafasi ya jibu ambalo bado halijafika. Iliingia rasmi katika lugha hiyo mwaka 2015, na mwisho wake ni mmoja kati ya miwili: kutimia au kukataliwa. Kila then, yaani hatua inayofanyika promisi ikitimia, huzaa promisi mpya, ndiyo maana hatua huweza kufuatana kama mnyororo: kuomba data kwa seva, kuisoma, kisha kuionyesha.

Hatua moja ikikwama, then zinazofuata hurukwa mpaka kosa likutane na catch. Kwa hiyo catch moja mwishoni yatosha kudaka makosa ya mnyororo mzima, almradi kila hatua iliyoanzisha ombi jingine irudishe promisi yake kwa return. Return ikisahaulika, hatua inayofuata hupokea undefined, na kosa la ombi lile halifiki kwenye catch.

Mtego mkubwa zaidi umo ndani ya fetch, kitendakazi kinachotuma ombi kwa seva na kurudisha promisi. Wengi hudhani kuwa seva ikijibu 404 au 500, promisi itakataliwa. Sivyo. Kwa fetch, jibu ni jibu, hata likiwa baya. Promisi hukataliwa mtandao ukikatika, kivinjari kikizuia ombi, au ombi likisitishwa. Tuseme ukurasa unaomba salio la mteja, na seva iliyoelemewa inarudisha HTML yenye namba 500. Then ya kwanza huendelea bila wasiwasi na kuita json(), nayo hugoma kwa SyntaxError kwa sababu ilichokikuta si JSON. Mwandishi wa programu ataanza kusaka koma iliyokosewa, na koma haina hatia. Dawa ni mstari mmoja kabla ya kusoma data:

if (!jibu.ok) throw new Error(jibu.status);

Sifa ya ok huwa kweli kwa namba 200 hadi 299 tu.

Catch nayo ina tabia yake. Ikimaliza kazi bila kurusha kosa tena, mnyororo huhesabiwa kuwa umepona, na then iliyo chini yake huendelea. Kuiweka katikati kunafaa iwapo kuna cha kuziba pengo, kwa mfano data ya awali iliyohifadhiwa. Catch tupu ni afadhali isiwepo: ikikosekana, kivinjari angalau huandika kosa kwenye konsoli, na Node.js, tangu toleo la 15, huizima programu nzima.

Mtindo wa async na await, uliofuata mwaka 2017, hutumia try na catch badala ya mnyororo. Ukaguzi wa ok bado ni lazima uandikwe.