Sekunde moja ya Boston ilivyomtesa Kanali Ikangaa

KUTOKA Kilosa hadi Mikumi kwa barabara ni takriban kilomita 70. Mtu akianza kutimua mbio Kilosa mjini, kilomita 42 za marathoni zitamwishia njiani, Mikumi hajaiona. Sasa vuta picha ya mtu anayezimaliza kilomita hizo kwa saa 2 na dakika 8. Hata kwa baiskeli ya kawaida, kumpata si mchezo.

Huyo ndiye Juma Ikangaa, kanali mstaafu wa JWTZ, mzaliwa wa Dodoma mwaka 1957. Kijana wa Kilosa au Mikumi atakutajia kikosi chote cha Simba na cha Yanga bila kukosea, lakini jina hili wengi wanalisikia juu juu tu.

Ikangaa alikuwa na mtindo mmoja: kukaa mbele na kuwachosha wenzake. Mwaka 1982 kule Brisbane, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza sehemu kubwa ya mbio hadi Rob de Castella wa Australia alipomkamata mwishoni. Alikimbia saa 2:09:30 na kuondoka na medali ya fedha.

Boston ndiyo we acha tu. Mwaka 1988 alipitwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja. Kwa watu wa soka, hilo ni bao la dakika za nyongeza. Akarudi 1989, akawa wa pili nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Akarudi tena 1990, akawa wa pili nyuma ya Muitaliano Gelindo Bordin. Mara tatu mfululizo!

Wengine wangetundika viatu. Yeye, katikati ya maumivu hayo, Novemba 1989 alikwenda New York akashinda kwa saa 2:08:01, rekodi ya mbio hizo iliyodumu hadi 2001.

Nyuma ya yote hayo kulikuwa na jeshi. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, naye alikuwa mwanajeshi. Mwanariadha hana mashabiki wa kumchangia kila wikiendi, hivyo kwake jeshi ni ajira: mshahara unaingia na muda wa mazoezi unapatikana.

Kazi hiyo haijaisha. Alphonce Simbu, naye mwanajeshi, alikuwa wa pili Boston mwaka 2025. Septemba mwaka huohuo, kule Tokyo, alishinda marathoni ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03, Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya mashindano hayo. Tokyo hiyohiyo Ikangaa aliwahi kushinda marathoni mwaka 1984.

Swali linabaki kwa wilaya kama Kilosa. UMITASHUMTA na UMISSETA zina riadha na zina soka, ila mashindano yakiisha, mwenye mpira anapata timu ya mtaani ya kuchezea jioni. Mwenye mbio anarudi nyumbani na mapafu yake, hana klabu wala kocha.

Ikangaa alikuwa na jeshi la kumbeba miaka yote aliyokuwa anashika nafasi ya pili. Mtoto wa Mikumi anayeshika nafasi ya pili leo, kesho anakimbilia wapi?