Linux: Herufi tatu zinazoamua kama kompyuta itawaka au itagoma

Mtu amejenga keneli yake ya Linux kwa mara ya kwanza. Kazi imeisha bila kosa, anawasha kompyuta upya, mara mashine inagoma katikati. Diski ni nzima kabisa. Kumbe tatizo ni draiva moja tu.

Keneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi. Draiva ni programu inayoiwezesha keneli kuongea na kifaa fulani, iwe diski, kamera au Wi-Fi.

Y, M au N?

Kabla ya kujenga keneli, mjenzi hupitia menyu ndefu ya draiva na kuchagua:

- Y: draiva inaingia ndani ya keneli yenyewe.
- M: inakuwa moduli, yaani faili la pembeni linalopakiwa likihitajika.
- N: haimo kabisa.

Kwa nini zote zisiwekewe Y? Keneli itanenepa na kula memori bure kwa vifaa ambavyo mashine haina.

Mtego uko hapa

Draiva ya diski kuu ikiwekewa M, faili lake linakaa kwenye diski ileile ambayo keneli bado haiwezi kuisoma. Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Dawa ni mbili: kuweka Y kwa draiva ya diski na ya mfumo wake wa faili, kama ext4, au kutumia initramfs, kifurushi kidogo cha faili kinachopakiwa kwenye memori pamoja na keneli. Vilevile, keneli ya zamani isifutwe mpaka mpya iwake vizuri.

Simu inahusikaje?

Android nayo inatumia keneli ya Linux. Zamani kila kampuni ilichanganya draiva zake na keneli, hivyo kuziba tundu la usalama kulichukua muda mrefu.

Simu zilizotoka na Android 12 zikiwa na keneli 5.10 au mpya zaidi hutumia keneli ya pamoja inayojengwa na Google. Draiva za chipu husika zinakaa pembeni kama moduli, kwa hiyo keneli inaweza kurekebishwa bila kuzigusa.

Hata hivyo, apdeti lazima itumwe na kampuni ya simu. Isipotumwa, tundu linabaki wazi.