BMW GS au Honda Africa Twin: Tazama Barabara Kabla ya Nguvu

Wanaoniuliza kuhusu pikipiki kubwa za safari huanza karibu wote na swali lile lile: kati ya BMW GS na Honda Africa Twin, ipi ina nguvu zaidi? Jibu ni jepesi, na halimsaidii mtu. BMW R 1250 GS ina nguvu za farasi 136. Africa Twin ya cc 1,084 ina mia moja na kidogo. Tofauti hiyo utaihisi ukiwa umempakia mtu, masanduku yamejaa, na mbele yako kuna mlima mrefu wa lami na lori la kulipita. Lami ikiisha, nguvu zote hizo hazina pa kutumika. Kwenye mchanga na mawe, hata farasi 50 humtosha mwendeshaji mzuri.

Hilo lilithibitishwa zamani. Ushindani wa pikipiki hizi ulizaliwa Afrika, ingawa moja imeundwa Ujerumani na nyingine Japani. Mashindano ya Paris–Dakar yalianza Desemba 1978, yakitoka Ufaransa na kuvuka Sahara hadi Senegal. Mwaka 1980 BMW ikaleta R 80 G/S, pikipiki ya cc 798 yenye farasi 50 tu. Mwaka uliofuata Mfaransa Hubert Auriol akashinda Dakar kwa BMW, akashinda tena 1983, kisha Mbelgiji Gaston Rahier akachukua ubingwa wa 1984 na 1985. Honda ikajibu kwa pikipiki ya mashindano iliyoitwa NXR 750, ikashinda mara nne mfululizo kuanzia 1986 hadi 1989. Katika vuguvugu hilo, mwaka 1988, ndipo Africa Twin ya kwanza ilipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida, ikiwa na injini ya cc 650.

Baada ya hapo njia zao zikaachana, na hapo ndipo mnunuzi wa leo anapaswa kuangalia. BMW haikuacha kutengeneza GS hata kidogo. Iliikuza kizazi baada ya kizazi, ikazidi kuwa pikipiki ya masafa marefu na starehe, mpaka mwaka 2023 kiwanda cha Berlin kikatoa GS ya milioni moja yenye injini ya boksa, yaani ile ambayo silinda zake zimetoka kushoto na kulia. Honda iliisimamisha Africa Twin mwaka 2003, ikairudisha 2016 ikiwa mpya kabisa, na kuikuza hadi cc 1,084 mwaka 2020. Iliporudi ilirudi na tabia ya porini: gurudumu refu la mbele, shokapu zenye mwendo mrefu, na bodi nyembamba.

Nianze na magurudumu, kwa sababu nayaona ndiyo moyo wa uamuzi wote. Africa Twin ina gurudumu la inchi 21 mbele na 18 nyuma. GS ina inchi 19 mbele na 17 nyuma. Gurudumu kubwa likikutana na jiwe au ukingo wa shimo hulipanda kwa mteremko mpole zaidi, kwa hiyo pigo linalofika kwenye mikono huwa dogo. Kwenye mchanga, tairi jembamba na refu hukata njia na kushika mwelekeo pale ambapo tairi pana hutaka kuelea na kupinda. Lakini kwenye lami yenye kona, kama ile inayopanda Kitonga kuelekea Iringa, inchi 19 yenye tairi pana hulala na kuinuka kwa wepesi, na hushika vizuri zaidi unapofunga breki.

Kuna jambo lingine la magurudumu ambalo wauzaji hawalitaji. Tairi la mbele la Africa Twin ni 90/90-21. Tyubu inayoingia humo ni ya jamii ile ile inayotumika kwenye Yamaha DT 125 na Honda XL 125, pikipiki ambazo kwa miaka mingi zimebeba mabwana shamba na wafanyakazi wa miradi hadi vijijini. Fundi wa pancha katika mji mdogo anaweza kuwa nayo, au akajua pa kuitafuta. Tairi la GS la 120/70-19 huwezi kulitarajia mbali na miji mikubwa. Ukilichana, utasubiri basi likuletee kutoka Nairobi au Dar es Salaam.

Kwa upande wa pancha za kawaida, hata hivyo, GS yenye rimu za spoki ina ubora mkubwa. Spoki zake zimefungwa kwenye kingo za rimu, si katikati, hivyo hewa haipiti na tairi halihitaji tyubu. Msumari ukiingia, unauchomoa, unasukuma kijiti cha kuzibia, unapuliza, unaondoka. Africa Twin ya kawaida ya mwaka 2020 ilikuja na tyubu, na kuitoa tyubu hiyo kwenye jua kali ni kazi ya jasho. Toleo lake la Adventure Sports la mwaka huo ndilo lililopewa rimu zisizohitaji tyubu. Kwa hiyo unaponunua iliyotumika, usiridhike na jina lililo kwenye tangi. Inama, tazama spoki zimefungwa wapi, na uulize.

Tuje kwenye shafti na cheni. GS hupeleka nguvu nyuma kwa shafti iliyofungwa ndani, isiyoona vumbi wala matope. Unabadilisha oili yake kwa wakati, basi. Africa Twin hutumia cheni, na cheni hudai kuangaliwa: kusafishwa, kupakwa mafuta, kukazwa. Kwenye barabara za vumbi kazi hiyo ni ya kila jioni, maana mafuta yakishikana na mchanga husaga sproketi. Msafiri wa lami anayechukia kuchafua mikono ataipenda shafti. Mimi husema hivi: cheni huharibika polepole na mbele ya macho yako, ukapata muda wa kujipanga, na fundi yeyote wa bodaboda anajua kuikaza na kuikata. Shafti huharibika mara chache sana, lakini ikiharibika huwezi kufanya lolote hapo ulipo zaidi ya kutafuta gari la kukubeba.

Mbele, GS za boksa za kisasa zina mfumo wa pekee ambapo shokapu moja hubeba mzigo, na mirija miwili unayoiona ni ya kuelekeza gurudumu tu. Ukifunga breki kwa nguvu pikipiki haiinamishi pua. Ni starehe ya kweli, hasa ukiwa na mtu nyuma. Gharama yake ni kwamba mikono haipati taarifa nyingi za kile tairi la mbele linachokanyaga. Africa Twin ina mirija ya kawaida yenye mwendo wa milimita 230, dhidi ya 190 za GS, na kwenye mawe hizo milimita 40 ni nyingi.

Sasa uzito. R 1250 GS ikiwa imejazwa mafuta ina kilo 249. Africa Twin ya gia za kawaida ina kilo 226. Weka masanduku, hema, maji na zana, zote mbili zinapita mbali uzito huo. Hakuna anayesafiri porini na pikipiki ya aina hii bila kuiangusha, hivyo swali la kujiuliza ni kama utaiinua peke yako. GS ina faida hapa: silinda zake zimetoka kushoto na kulia, kwa hiyo ikianguka hulalia kinga za silinda na haifiki chini kabisa, na uzito wake uko chini. Lakini silinda hizo hizo hukusumbua unapopiga miguu chini kujisukuma kwenye mchanga, maana ugoko unazigonga. Kabla hujalipa, laza pikipiki kwenye nyasi kwa ruhusa ya muuzaji. Igeuzie mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, kisha sukuma kwa miguu ukirudi nyuma hatua fupi fupi. Ikikushinda siku hiyo ukiwa umepumzika, itakushinda zaidi saa nane mchana njiani kwenda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana.

Watu wafupi wasikate tamaa mapema. Viti vya pikipiki zote mbili huanzia milimita 850 hivi, na vipo vya chini zaidi kwa kuagiza. Rahier alikuwa mfupi wa kimo, akashinda Dakar mara mbili juu ya BMW yenye tangi kubwa la jangwani.

Honda huuza pia Africa Twin yenye gia zinazojibadili zenyewe, bila mkono wa klachi. Mjini na kwenye foleni ni raha, na haizimiki ghafla kwenye kona ya mlima. Inaongeza kilo 10, na ina kasoro moja ambayo msafiri wa mbali lazima aijue: betri ikifa, huwezi kuisukuma ikawaka. Kwa safari ya peke yako, chukua ya gia za kawaida.

Mafuta yasikuumize kichwa. Kwa takwimu za viwanda, zote hutumia karibu lita 5 kwa kilomita 100. Tangi la lita 20 la GS na la lita 18.8 la Africa Twin yote yanatosha kutoka Marsabit hadi Moyale, ambako ni kilomita 250 hivi, na yakabakisha. Matangi makubwa, lita 30 kwa GS Adventure na 24.8 kwa Adventure Sports, ni ya wanaokwenda mbali na vituo, na kila lita ni uzito wa juu unaoongezeka.

Bei ya GS husomeka vizuri kwenye tangazo kabla ya nyongeza, lakini nyingi huuzwa zikiwa na vifurushi vya umeme na starehe vinavyoipandisha sana. Kwa kuwa ushuru wa forodha na VAT hukokotolewa kwa thamani, pengo la bei kati yake na Africa Twin huwa pana zaidi ikifika bandarini. Na kadiri umeme unavyozidi, ndivyo unavyomhitaji fundi mwenye kompyuta ya kusomea hitilafu.

Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipita Kenya na Tanzania juu ya BMW R 1200 GS Adventure wakitoka Uskoti kwenda Cape Town. Wakati huo njia ya Moyale kwenda Isiolo ilikuwa mawe na mawimbi ya changarawe. Leo ni lami, kama ilivyo Namanga hadi Arusha na Dodoma hadi Tunduma. Ikiwa safari unayoiota ni hiyo, ukimpakia mwenzi wako na masanduku matatu, nunua GS wala usisite. Ile mpya ya R 1300, iliyotoka 2023, ina farasi 145 na imepungua hadi kilo 237.

Lakini ukiwa unasafiri peke yako, na unataka kuiacha lami kwenda Ziwa Turkana au kupita udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, ninakushauri Africa Twin ya gia za kawaida yenye rimu zisizohitaji tyubu. Tyubu ya inchi 21 ibebe hata hivyo, kwa siku ambayo jiwe litaikunja rimu na hewa ikaanza kuvuja pembeni.