Hewa Iliyozunguka Meza Tatu

Januari 24, 2020, mkesha wa mwaka mpya wa Kichina, familia iliyokuwa imewasili kutoka Wuhan siku moja kabla iliketi kula chakula cha mchana katika mgahawa mjini Guangzhou. Mmoja wao alikuwa tayari na virusi vya korona. Baadaye ilibainika kwamba watu 10 kutoka meza tatu zilizopakana wameambukizwa. Wahudumu walisalimika, na wateja 68 wa meza nyingine 15 vilevile. Kamera za mgahawa hazikuonyesha familia hizo tatu zikigusana wala kusogeleana kwa karibu. Virusi vilipita wapi?

Yuguo Li wa Chuo Kikuu cha Hong Kong na wenzake walilitafuta jibu kwenye hewa. Walifukiza gesi mahali alipoketi mgonjwa, wakapima ilikoelekea, kisha wakaujenga ukumbi huo upya ndani ya kompyuta. Programu ya aina hii huukata ukumbi katika visanduku vidogo mno, na kwa kila kisanduku hukokotoa kasi, joto na mgandamizo wa hewa, hatua kwa hatua. Milinganyo yake ni ya karne ya 19, kazi ya Navier wa Ufaransa na Stokes wa Uingereza. Hata joto la miili ya walaji huingizwa, maana hupandisha hewa juu. Matone makubwa ya mate huanguka upesi. Chembe ndogo huelea na kusafiri na hewa kama moshi wa udi.

Picha iliyotokea ilieleweka mara moja. Kiyoyozi cha upande ule kilikuwa kikivuta hewa ya meza zile tatu na kuzirudishia ileile, huku feni za kutolea hewa nje zikiwa zimezimwa. Hewa safi ilikuwa takriban lita 1 tu kwa sekunde kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani hushauri lita 10.

Ndiyo maana naamini wakati wa janga la korona tulihangaika mno na mita za kuachana, tukayasahau madirisha. Ushahidi ulikuwapo tangu 2007, pale watafiti walipopima wodi za hospitali za Lima, Peru. Kwa hesabu zao, kukaa saa 24 na wagonjwa wasiotibiwa wa kifua kikuu, ugonjwa mwingine unaoenea kwa hewa, kungeambukiza asilimia 39 ya watu katika vyumba vya mitambo ya hewa, lakini asilimia 11 tu katika majengo ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha mapana yaliyofunguliwa. Majengo ya kizamani yaliishinda mitambo!

Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakiingizi hewa mpya. Ukikiwasha ofisini au darasani penye watu wengi, fungua madirisha ya pande zinazotazamana, hata kama ubaridi kidogo utapotea.