Unachotafuta kwenye intaneti kinaacha nyayo

Hapa Eringeti simu moja hutumiwa na familia nzima, na wengi wetu tunaazima ya jirani. Kwa simu hiyo tunatafuta kwenye Google habari za kijiji tulichokimbia, dawa ya ugonjwa, au jina la ndugu aliyepotea. Maneno hayo yanakwenda wapi?

Yanabaki mahali pawili. Kwanza ni ndani ya simu: atakayeishika baada yako anaweza kuyasoma. Pili ni kwa kampuni yenyewe. Mwaka 2006, kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani maneno yaliyotafutwa na watu zaidi ya 650,000. Majina yalibadilishwa kuwa namba. Hata hivyo waandishi wa habari walimtambua mama mmoja kwa maswali yake tu: mji wake, jina la ukoo wake, magonjwa.

Kwa aliyekimbia vita, maswali kama hayo yanaweza kuonyesha alikojificha. Kwa hiyo tunashauri:

- Kabla ya kurudisha simu, futa «Historique» na utoke kwenye akaunti yako.
- «Navigation privée» inaficha ndani ya simu tu, haifichi kwa kampuni.
- Usiandike pamoja jina la mtu na mahali anapolala.
- Viongozi, msitafute majina ya familia mnazozihifadhi kwa simu ya kuazima.

Kwa ndugu aliyepotea, tuwaendee Msalaba Mwekundu. Huduma yao ya kuunganisha familia ni ya bure, na wanatunza siri.